Kikao cha kwanza na wazazi vijana wanaogombana: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa njia inayolenga ufumbuzi

Wanaoanza kazi hii huuliza maswali yaleyale. Nimsikilize nani kwanza? Wakianza kurushiana maneno mbele yangu nifanyeje? Swali la muujiza, lile la kuwaza kwamba tatizo limekwisha usiku mmoja, linaulizwa wakati gani? Baba asipotokea je? Nimeona bora niyajibu pamoja, kwa mpangilio wa kikao chenyewe, ili afisa ustawi au mshauri anayekutana na wazazi vijana kwa mara ya kwanza wiki ijayo awe na pa kushika.

Wazazi ninaowazungumzia wana umri wa miaka 16 hadi 25 hivi, na mtoto wao ni mchanga au anatambaa. Mara nyingi walikuwa bado wanajuana mimba ilipoingia. Wanachogombania ni kidogo na kinajirudia: nani aamke usiku, pesa imekwenda wapi, mbona umechelewa kurudi, mbona mama yako anatuingilia, ulikuwa unachati na nani. Wamekwisha kuhubiriwa na wazazi, wakwe, wauguzi na viongozi wa dini, na kwako wanakuja wakitegemea hotuba nyingine. Usiwape. Kwa wengi wao hiyo peke yake ni habari mpya.

Nadharia ni fupi. Njia inayolenga ufumbuzi ilikuzwa na mume na mke, Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, ambaye alisomea ustawi wa jamii. Mwaka 1978 walianzisha na wenzao kituo cha tiba fupi ya familia mjini Milwaukee, Marekani. Walitazama vikao kupitia kioo cha upande mmoja, kinachomwezesha aliye nje kuona ndani bila kuonekana, na kujiuliza ni maswali gani hufuatiwa na mabadiliko. Walichokiona ni kwamba hakuna tatizo linalotokea kila saa kwa nguvu ileile. Zipo nyakati linapopungua au lisipotokea kabisa, na mtu akieleza kwa undani alichofanya nyakati hizo, huweza kukirudia. Hayo yanatosha kuanzia.

Kabla hujawaweka chumba kimoja

Onana na kila mmoja peke yake kwanza, hata kwa dakika 15. Hapa sina mjadala. Njia inayolenga ufumbuzi huwatazama wenza kama watu wawili wenye nafasi sawa ya kusema, na penye kipigo au vitisho usawa huo haupo. Mwenye hofu akiulizwa mbele ya anayemtisha "ni lini mambo yalikuwa mazuri", atajibu kinachomlinda, na yale atakayosema yanaweza kumgharimu wakifika nyumbani.

Uliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida:

- Akikasirika, huwa anafanya nini?
- Umewahi kumwogopa? Unamwogopa sasa?
- Amewahi kukupiga, kukusukuma au kukukaba koo?
- Kuna kitu anakuzuia, kama simu, pesa, kwenda kwa ndugu au kwenda kliniki?
- Umewahi kulazimishwa tendo la ndoa?

Kukabwa koo kusikuponyoke hata kama mteja anakitaja kwa kupita. Ni miongoni mwa dalili kubwa kwamba maisha yake yako hatarini. Ukipata "ndiyo" ya namna hiyo, au hofu ya wazi, kikao cha pamoja hakipo. Fanya mpango wa usalama na rufaa, na usimwambie mwenzake ulichoambiwa.

Angalia na umri. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, isipokuwa sheria inayomhusu imeweka umri wa utu uzima mapema zaidi. Mama wa miaka 15 na baba wa miaka 27 si "wenza wenye matatizo ya uhusiano". Hiyo ni kesi ya ulinzi wa mtoto, na unaifuata kwa utaratibu wa ofisi yako.

Jambo la tatu ni afya ya akili baada ya kujifungua. Huzuni au machozi ya siku chache za mwanzo ni kawaida. Yakizidi wiki 2, au mzazi hapati raha kwa lolote, halali hata mtoto anapolala, au anahisi mtoto angekuwa heri bila yeye, mpeleke kwa mhudumu wa afya. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, rufaa ni ya siku hiyohiyo. Akina baba nao hupata sonona baada ya mtoto kuzaliwa, ila wao mara nyingi huonekana wakali au watoro, na watu huishia kuwaita wakorofi.

Vitu vya kuwa navyo

- Chumba chenye mlango unaofungika, viti vitatu vilivyopangwa pembetatu, na mkeka au blanketi safi la mtoto. Usikae nyuma ya meza.
- Saa nzima. Mtoto atanyonya, atabadilishwa nepi, atalia, na hayo yote yatakula muda wako.
- Kalamu na karatasi za kuandikia maneno yao kama walivyoyasema, bila kuyasafisha.
- Karatasi yenye mstari uliochorwa kutoka 0 hadi 10.
- Namba za rufaa zilizohakikiwa juzijuzi: kliniki, dawati la polisi linaloshughulikia ukatili, makazi ya muda, msaada wa kisheria.
- Maneno yako tayari kuhusu usiri na mipaka yake. Waambie mapema kwamba mtoto au mtu yeyote akiwa hatarini utalazimika kumhusisha mwingine.

Hatua za kikao

1. Wajue kabla hujalijua tatizo. Dakika 5 hadi 10. Mtoto anaitwa nani, nani alichagua jina, anapenda nini, kila mmoja ni hodari wa nini. Anayeanza huiona hatua hii kama salamu akairuka. Sikiliza kwa makini, kwa sababu pongezi za mwisho wa kikao zitatoka humu. Baba wa miaka 19 akisema "namwogesha vizuri kuliko yeye", na mama akacheka, umekwisha kupata kitu.

2. Uliza wanachokitaka. Swali langu ni hili: "Kikao cha leo kikiwa na faida kwenu, mtaijuaje huko nyumbani? Mtaona nini tofauti?" Kila mmoja ajibu. Asiyependa kuongea muulize wa kwanza, vinginevyo atajibu "kama alivyosema yeye".

Jibu la kwanza karibu daima huwa malalamiko. Usiyapinge na usiyachimbe. Yapokee kwa sentensi moja, kisha uulize "badala yake":

Mama: Nataka aache kunifokea.
Wewe: Inaumiza kufokewa. Badala ya kufoka, ungependa afanye nini?
Mama: Aongee kawaida.
Wewe: Akiongea kawaida, utasikia nini?
Mama: Ataniuliza. Sio "mbona hujafanya", ila "umeshindaje".

Sasa una lengo linaloonekana na linaloweza kufanywa jioni hiihii. "Aache kufoka" ni vigumu kulipima, kwa kuwa mtu anaweza kuacha kufoka akanuna siku tatu. Lengo zuri hutaja kitu kitakachokuwepo, ni dogo, na liko ndani ya uwezo wa anayelitaja. Kwa hiyo usimwache mama aishie hapo. Muulize: "Na yeye akikuuliza umeshindaje, ataona nini kwako?"

3. Uliza kilichobadilika tangu waweke miadi. "Watu wengi wakishaamua kutafuta msaada huona mambo yameanza kusogea kabla hata ya kikao. Kwenu mmeona nini?" Mwaka 1987 de Shazer na wenzake wawili, Weiner-Davis na Gingerich, waliandika kwamba familia 20 kati ya 30 walizoziuliza zilitaja mabadiliko ya namna hiyo. Namna ya kuuliza ndiyo inayobeba uzito. Ukisema "kuna chochote kilichobadilika?" utajibiwa "hapana". Uliza kama mtu anayejua kipo.

4. Swali la muujiza, kama linafaa. Nasema kama linafaa kwa sababu wengi wameligeuza ibada. Wanaamini bila hilo kikao si halali. Wazazi waliochoka sana, au wanaogombana mbele yako, unaweza kuwapeleka moja kwa moja kwenye hatua ya 5, na hutakuwa umekosea.

Ukiliuliza, liulize polepole na utulie kati ya vipande:

"Nitawauliza swali la ajabu kidogo. Tuseme mkitoka hapa mnarudi nyumbani, mnaendelea na shughuli zenu. Usiku unaingia. Mtoto analala, na nyinyi mnapata usingizi. Mkiwa mmelala, muujiza unatokea: yale yaliyowaleta hapa yanakwisha. Ila kwa kuwa mlikuwa mmelala, hamjui kama umetokea. Asubuhi mkiamka, kitu gani kidogo cha kwanza kitawaonyesha kwamba mambo si kama jana?"

Kile kipande cha mtoto kulala usikiache. Wenye mtoto wa wiki 6 ukiwaambia "mmelala usiku kucha" watacheka, na kicheko hicho hakina ubaya, lakini swali litakuwa limepotea.

Kisha fuatilia kwa macho ya wengine. Mwenzako ataona nini? Mama mkwe akipita asubuhi hiyo atashangaa nini? Na mtoto, asiyejua kusema, atahisi nini tofauti akishikwa? Hilo la mwisho huwagusa hata walionuna.

Onyo: wakisema "tutakuwa matajiri" au "mama yake atahama", usibishane. Uliza "na hilo likitokea, nyinyi wawili mtafanya nini tofauti?" Jibu hushuka hadi kwenye kitu kama kunywa chai pamoja kabla ya kazi. Hicho ndicho cha kuandika.

5. Tafuta nyakati za nafuu. Hapa ndipo kazi ilipo. Kama una dakika 20 tu, zitumie hapa zote. Mfano wa mazungumzo:

Mama: Hanisaidii kabisa. Tangu mtoto azaliwe niko peke yangu.
Wewe: Unachoka kweli. Wiki hii, ni lini ulihisi hauko peke yako, hata kwa dakika chache?
Mama: Hakuna. (Kimya.) Labda Jumanne.
Wewe: Jumanne kulikuwa na nini?
Mama: Alimchukua mtoto nikaoga.
Wewe: Ulimwomba, au alimchukua mwenyewe?
Mama: Mwenyewe.
Wewe (kwa baba): Ulijuaje kwamba ule ndio wakati wa kumchukua?
Baba: Nilimwona amekaa kitandani hasemi kitu. Nikajua amechoka.
Wewe: Kwa hiyo unamsoma hata kabla hajasema. Ukafanya nini?
Baba: Nikatoka naye nje. Akiona majani yanacheza hunyamaza.
Wewe (kwa mama): Ulikuwa unajua kwamba amegundua hilo?
Mama: Hapana. Ndiyo leo nasikia.
Wewe: Ulipomaliza kuoga, kati yenu kulikuwaje?
Mama: Hatukugombana jioni ile. Tulikula pamoja.
Wewe: Nini kingine?

Angalia kimya cha mama baada ya "hakuna". Anayeanza hukijaza kwa swali jingine au kwa kumfariji, na Jumanne inapotea. Hesabu moyoni hadi 8 au 10 kabla hujafungua mdomo.

Halafu "nini kingine?" Liulize mara tatu, nne, hata ukihisi unakera. La kwanza wanalokupa ni lile walilokuwa nalo kichwani. Yale ambayo hawakuwahi kuyaona huja baadaye.

Kishawishi kikubwa hapa ni kumgeukia baba na kusema: "Umeona? Basi fanya hivyo kila siku." Papo hapo umemgeuza kutoka mtu aliyebuni kitu kuwa mtu anayeagizwa, na ameagizwa vya kutosha. Uliza wote wawili: "Nini kinahitajika ili jioni kama ya Jumanne itokee tena?" Mara nyingi mama ndiye atakayejibu jambo la upande wake, kwa mfano kutomkosoa anavyomshika mtoto. Hapo hukulazimika kumwambia wewe.

6. Tumia mizani. Weka ile karatasi mahali wote wanapoifikia. "10 ni mambo yakiwa kama mlivyoyaeleza. 0 ni pale yalipokuwa mabaya kupita yote. Leo mko wapi?" Kila mmoja aweke alama yake kimya kimya, kisha waonyeshane.

Akisema 3, usiulize "kwa nini sio 7?" Uliza "nini kimefanya iwe 3 na si 1?" Orodhesha kila kitu kilichomo ndani ya hiyo 3. Baadaye tu: "Ikifika 4, utaona dalili gani?" Hatua moja. Nusu hatua pia inakubalika.

Namba zikitofautiana, baba 7 na mama 2, usizitafutie wastani. Muulize baba: "Unafikiri yeye anaona nini mpaka akaweka 2?" Muulize mama: "Unadhani ni kitu gani kinamfanya aweke 7?" Mara kwa mara kila mmoja anajua upande wa mwenzake vizuri kuliko ulivyotarajia, ila hajawahi kuulizwa.

Chora mizani nyingine fupi mbili: uko tayari kujitahidi kiasi gani, na una imani kiasi gani kwamba mtafika. Mwenye 9 ya utayari na 2 ya imani hahitaji kuhamasishwa, anahitaji kukumbushwa alichokwisha kufanikiwa. Mizani ya usalama ("unajisikia salama kiasi gani nyumbani?") uliza faraghani tu, kamwe si mbele ya mwenzake.

7. Pumzika, kisha pongeza. Toka nje dakika 5, au waombe wapumzike huku ukisoma maandishi yako. Waambie mapema kwamba utafanya hivyo. Ukirudi, watakuwa wanakusikiliza kuliko wakati mwingine wowote wa kikao.

Pongezi ziwe za kweli na zenye ushahidi. "Nyinyi ni wazazi wazuri sana" haina kitu ndani yake, na kijana husikia uongo haraka. "Uliona amechoka kabla hajasema, ukamtoa mtoto nje bila kuombwa" haibishiki, ilitokea. Mpe kila mmoja zake, kwa idadi inayokaribiana. Ukimpa baba nne na mama moja, umechagua upande.

8. Wape kazi ndogo. Kama lengo lao bado lina ukungu, wape kazi ya kutazama tu: "Mpaka tuonane tena, kila mmoja aangalie mambo yanayotokea kati yenu ambayo angependa yaendelee kutokea." De Shazer aliieleza kazi hii katikati ya miaka ya 1980, na ninaipenda kwa sababu haiwezi kufeli: hakuna aliyeahidi kubadilika, ila macho yamegeukia upande mwingine.

Kama nyakati za nafuu zimeonekana wazi, waombe warudie kinachofanya kazi, siku wanazochagua wao. Na kwa wenye utani kidogo kuna hii: kila mmoja afanye jambo moja dogo jema kwa siri, na mwenzake ajaribu kulibashiri. Wale wanaotiliana shaka kwa sababu ya simu usiwape hii. Siri ndiyo tatizo lao tayari.

9. Kikao cha pili, anza na "nini kimekuwa nafuu?" Usiulize "kazi mliifanya?" wala "wiki ilikuwaje?" La kwanza ni la mwalimu, la pili linafungua mlango wa malalamiko. Wakitaja nafuu, fanya yale ya hatua ya 5: ilitokeaje, nani alifanya nini, mwenzake alilipokeaje, nini kingine. Rudia mizani.

Vikao si lazima viwe vingi. Waulize mapema: "Mkifika namba gani mtaona mnaweza kuendelea bila mimi?" Wengi husema 7 au 8. Wakifika hapo na wakakaa hapo, achia. Kuwang'ang'ania mpaka 10 ni haja yako wewe.

Makosa ninayoyaona zaidi

Kulazimisha furaha ndilo la kwanza. Mama anasema hajalala siku mbili, mshauri anarukia "na nini kilikwenda vizuri?" Hiyo si njia inayolenga ufumbuzi, ni kutosikiliza. Tambua ugumu kwanza, kwa maneno yake, ndipo uulize.

La pili ni kutoa ushauri uliofichwa kwenye swali: "Umewahi kufikiria kumsaidia kufua?" Kila mtu chumbani anajua hilo si swali.

Halafu kuna kusahau shida ambazo mazungumzo hayazimalizi. Ugomvi wa maziwa ya mtoto wakati mfukoni hamna kitu haumalizwi na mizani. Wewe ni mtu wa ustawi wa jamii kabla ya kuwa mtu wa maswali mazuri. Shughulikia msaada unaostahili, barua, rufaa, nafasi ya mama kurudi shule. Mengine yatafuata, na mengine yatakwisha yenyewe.

Mambo yakikwama

*Wanaanza kugombana mbele yako.* Inua mkono, sema kwa utulivu: "Hii mnaijua, hamhitaji kunionyesha." Kisha elekeza maongezi kwako, mmoja mmoja, na uliza: "Ugomvi kama huu nyumbani huwa unakwishaje? Nani huanza kupoa, na hufanya nini?" Ugomvi uliokwisha nao una nafuu ndani yake. Ugomvi ukirudi mara ya tatu, watenganishe, na uhakikishe tena usalama kwa kila mmoja kabla hawajaondoka.

*"Sijui."* Subiri. Kisha: "Ni swali gumu. Tuseme ungekuwa unajua, ungesema nini?" au "Rafiki yako wa karibu angejibu nini?" Vijana wengi husema "sijui" wakimaanisha "bado nakupima".

*"Hakuna nafuu yoyote, na namba ni 0."* Badilisha swali. Usitafute mazuri, tafuta uvumilivu: "Kwa hali hiyo, umewezaje kuamka leo, ukamvalisha mtoto, ukafika hapa?" Au: "Nini kimezuia isiwe mbaya zaidi?" Lakini 0 inayorudi kikao baada ya kikao ikurudishe kwenye maswali ya sonona na ya usalama.

*Mmoja hataki kuja.* Fanya kazi na aliyekuja. Uliza: "Angekuwepo, angesema anataka nini kibadilike? Ukibadilisha hicho, yeye angekuwa tofauti vipi?" Usimtumie aliyekuja kupeleka ujumbe wako nyumbani.

*Ameletwa kwa lazima,* na mahakama, ofisi ya watoto au baba yake. Usimbembeleze. Uliza: "Ni wazo la nani uje hapa? Wakiona nini kwako, wataacha kukusumbua? Na wewe unakubaliana na lipi kati ya hayo?" Kutaka kuachwa kwa amani ni lengo halali la kuanzia.

*Mama mkwe au bibi ndiye mwenye usemi nyumbani.* Usimgeuze adui, kwa sababu huenda ndiye anayeshika mtoto saa za kazi. Uliza ni wakati gani msaada wake huwafaa, na wao hufanya nini nyakati hizo. Wakikubali wote wawili, mwalike kikao kimoja, na swali la kwanza kwake liwe: "Umeona hawa wawili wanaweza nini?"

*Mtoto analia na hanyamazi.* Usisitishe kikao na usimnyakue. Tazama nani anainuka, mwenzake anafanya nini, kisha liseme: "Umemwona alivyokupa kitambaa kabla hujamwomba?" Hiyo ni nafuu inayotokea mbele ya macho yako. Tumia nafasi hiyo kuwaambia kwamba kilio cha watoto wachanga huongezeka wiki za mwanzo na hufika kilele kama wiki ya 6 hivi, kisha hupungua. Na kwamba hasira ikipanda, mtoto alazwe chali mahali salama na mzazi atoke nje ya chumba dakika chache. Mtoto asitikiswe kamwe, kumtikisa huweza kuumiza ubongo au kumuua.

*Wameamua kuachana.* Usiwashike. Mizani inabaki, kinachobadilika ni 10: sasa ni mtoto kupata wazazi wawili wanaopeana habari zake bila matusi. Anza na jambo la vitendo, nani anamchukua siku gani na wanakabidhiana wapi, kisha uliza ni makabidhiano gani yaliyokwenda vizuri mpaka sasa na kila mmoja alifanya nini. Makabidhiano hayo yakiwa ndipo ugomvi unapolipuka, yafanyike kwa ndugu wanayemwamini wote wawili, na ratiba iandikwe kwenye karatasi mbili, kila mmoja aondoke na yake.